Nyuma ya Friji

Fundi Wangila alitoa glasi ya maji kwenye friji, akachomoa kipimajoto, akakisoma, akakipangusa kwa shati, akakisoma tena. Kumi na saba. Juzi kule kwake Kawangware, friji hii hii, glasi hii hii, kilisema nne.

"Haiwezekani," alisema.

Kando yake alisimama Derrick Wabwire, mwenye friji. Alikuwa ameshika themosi yenye barafu, na ndani yake chupa ya dawa ya sukari ya bintiye. Joan alikuwa na miaka sita, na dawa hiyo ikipata joto inageuka maji tu. Mwezi huu walikuwa wamembeba mbio mpaka kliniki mara mbili, amelegea mikononi. Daktari aliuliza swali moja: hii dawa mnaiweka wapi?

Walikuwa wanaiweka kwenye friji ndogo ya gesi iliyotolewa kwenye gari la watalii, yale ya kulala na kupika humo humo. Kibera stima inakuja na kuondoka inavyotaka yenyewe, kwa hivyo Wangila ndiye aliyewashauri waichukue. Haina mota, inaendeshwa na moto mdogo wa gesi.

"Joto linatokea mgongoni, baridi inabaki ndani," alikuwa amemwambia Derrick siku ya kwanza. "Usiibane na ukuta. Mgongo upumue."

Derrick akaisogeza shubiri nzima kutoka ukutani, na hapo ndipo ilipokaa mpaka leo.

Sasa shida iko wapi? Kwanza Wangila alishuku sakafu, maana nyumba yenyewe imekaa mteremkoni, na friji ya aina hii ikiinama inagoma. Akaweka pima maji, akaikalisha sawa kwa vipande vya mbao. Bado joto. Akasafisha kichomeo, moto ukawa wa buluu safi. Bado joto. Akabana karatasi mlangoni aone kama mpira umelegea. Karatasi ilichanika kabla ya kutoka. Mwishowe aliipakia kwenye mkokoteni mpaka Kawangware, akakaa nayo, ikampozea maji mpaka nne. Jana akairudisha. Leo, kumi na saba.

"Kukhu, nataka maji," Joan alisema kutoka kwenye kochi.

Nyanya yake, Nasipwondi, mama yake Derrick, akampa. Kochi halikuwa na kitambaa. Kila fundi alipokuja, mama huyu alikusanya vitambaa vyake vyote vya kufuma, vya kochi, vya meza, vya TV, hata redio ilikuwa na koti lake, akavifungia chumbani. Mikono ya fundi ni mafuta matupu, alisema, na yeye hakufuma miaka yote hiyo ili watu wapate mahali pa kujipangusia. Wangila alikuwa ameshamzoea.

"Fundi, niambie ukweli," Derrick alisema. "Ni friji ama ni mtu?"

Wangila alijifanya anatafuta spana. Swali hilo alikuwa amejiuliza mwenyewe njiani, na halikumpendeza hata kidogo.

"Friji haina makosa," alisema mwishowe. "Kwangu inafanya, hapa haifanyi. Kuna kitu kinafanyika hapa nikishaondoka."

Mutheu, mke wa Derrick, alikuwa amesimama kando ya jiko. Aliolewa mwaka jana, mama yake Joan alipokuwa ameshafariki, na kwa majirani wa ploti, hilo peke yake lilitosha kumshuku.

"Mimi nimesema nikachoka," Nasipwondi alisema. "Nikienda kanisa, nikienda soko, nikirudi nakuta ameichezea. Mara ngapi nimekupata huko nyuma ya friji, Mutheu? Sema mbele ya fundi."

"Mama anajua nafanya nini huko nyuma."

"Najua. Si ndio nasema?"

Mutheu alifungua mdomo, akamtazama fundi, akaufunga. Kwao Machakos alifunzwa kwamba mama mkwe hasemwi mbele ya mgeni, na funzo hilo lilimkaa vizuri kupita kiasi.

"Hiyo friji inakuwa moto sana, Baba Joan," alisema tu. "Naogopa."

"Unaogopa nini? Kupatikana?"

Mtu anaweza kutamka neno na papo hapo akatamani kulimeza. Derrick hakulimeza. Alimwambia afunge nguo zake aende kwao mpaka mtoto apone. Joan alilia, akang'ang'ania leso kiunoni mwa Mutheu, maana ndiye aliyemdunga sindano kila asubuhi bila kumuumiza. Hakuna aliyemuuliza Joan chochote.

Wangila alikusanya vyombo vyake bila kumtazama mtu. Alijiona mchafu, ingawa alikuwa amesema kweli tupu. Aliwaambia waiache friji ipoe kwanza, dawa iingie jioni. Derrick akatoka na begi la Mutheu kumsindikiza mpaka steji ya basi.

Jioni kipimajoto kilikuwa kimeshuka mpaka tano.

"Umeona?" Nasipwondi alimwonyesha mjukuu wake. "Ameondoka tu, imepoa."

Akaiweka chupa ndani taratibu. Ilikuwa ya mwisho mpaka kliniki igawe tena mwezi ujao. Kisha akamfunika Joan shuka, akaingia chumbani, akarudi na vitambaa vyake. Akatandika kochi, akatandika meza, akaivalisha redio. Kile kikubwa alikibakisha mwisho, kile cha sufu nzito alichofuma kwa shukrani, kwa sababu friji hii ndiyo iliyomweka mjukuu wake hai na haikufaa ikae uchi vumbini. Alikishusha kutoka juu mpaka sakafuni, mbele na nyuma, akakikaza mgongoni kwa pini.

Akaipapasa friji kwa upendo.

"Sasa tulia," aliiambia. "Hakuna wa kukuvua tena."