Walimu Watatu na Kifaranga wa Bata

Zamani huko Uchina, walimu walipokuwa wengi kuliko wanafunzi, kifaranga wa Bata alitumbukia katika shimo kavu kando ya shamba la mpunga. Bata akawakimbilia walimu watatu.

"Salamu kwanza, bibi," akasema Korongo, mwalimu wa adabu. "Tena uanze na mkubwa wetu."

"Salamu za nini?" akafoka Mbwa, mwalimu wa sheria. "Atafutwe aliyechimba shimo, achapwe!"

"Mnajisumbua bure," akasema Kobe, macho kayafumba. "Maji hujua njia yake. Yaache tu, mama."

Wakabishana. Kule shimoni kilio cha kifaranga kilizidi kufifia. Bata aliona haya kuwakatiza, lakini neno maji lilimkaa moyoni. Akaenda kwenye mfereji wa mpunga, akabomoa ukingo kwa mdomo wake. Maji yakateremka, shimo likajaa, kifaranga akaelea mpaka juu, akajikung'uta.

Kobe akafumbua jicho moja. "Si nilisema?"

"Ulisema, Mwalimu," Bata akajibu kwa upole. "Ila wewe ulisema niyaache, mimi nikayafungulia."

Akaondoka na mwanawe. Nyuma yake walimu wakaanza kubishania Bata ni mwanafunzi wa nani.