Fukusi wa Kona ya Nyuma

Dawa haikuua. Siku ya saba mpiga dawa alifunua turubai juu ya magunia ya mahindi ya kijiji, akitegemea kukuta fukusi wamekauka kama makapi, akawakuta wanatembea.

Mtunza ghala, kaka wa mkewe, alicheka. "Leo umewapulizia manukato, shemeji?"

Mpiga dawa aliinama. Alimweka fukusi mmoja kiganjani. Alikuwa mweusi, mwembamba kuliko wa kawaida, na alitembea bila haraka, kama mwenye nyumba.

Kwa miaka kumi na mmoja mpiga dawa alikuwa akipunguza vidonge vya gesi ya sumu kwenye kona ya nyuma, kwa sababu turubai halikufika vizuri na gesi ilivuja tu. Fukusi wanyonge walikufa. Waliopona walizaana humo humo, wao kwa wao.

"Niletee wa shambani," alisema.

Waliwachanganya kwenye chupa ya kioo. Kufikia alasiri wa shambani walikuwa wamepandana wenyewe kwa wenyewe, na weusi wa ghalani wenyewe kwa wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyemgusa mgeni.

"Hawatambuani," mpiga dawa alisema. "Hawa si fukusi tunaowajua."

Shemeji yake hakucheka tena. "Kawaleta nani?"

"Nimewafuga mimi."

Alikwenda upande wa mlangoni, mbali na kona, akabonyeza gunia. Lilinywea kama mto wa pamba, unga ukamwagikia viatu vyake. Akabonyeza la pili. Kisha wote wawili wakaanza kubonyeza.

Magunia mia tatu na arobaini, mazima yalibaki tisa. Familia sitini na mbili. Miezi mitano mpaka mavuno.