Kompyuta Tatu Zikikubaliana

Kompyuta ya Kibondo ilijibu kwanza: hayupo.

"Usikate tamaa, kaka," Swaumu alimwambia mgeni aliyeketi mbele yake. "Hiyo inajua majina tu. Na majina kambini hubadilika."

Reverien aliinamisha kichwa. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, na alikuwa amekuja tena kwa miguu kutoka Makere hadi ofisi ya kutafuta waliopotezana, mjini Kasulu. Alikuwa akimtafuta Claudine, mke wa marehemu kaka yake, pamoja na mwanawe.

Mwaka uliotangulia Swaumu alimkabidhi mama mmoja mtoto asiye wake. Majina yalifanana, basi. Yule mama alimtazama mtoto, akageuka akaondoka, mtoto akamkimbilia akiita, "Mama!"

Tangu hapo Swaumu hakuiamini tena kompyuta moja pekee. Aliziunganisha tatu kwa redio: ya Kibondo yenye majina, ya Manyovu yenye habari za waliovuka mpaka, na hii ya Kasulu iliyojua nani anachukua mgao wa chakula wapi. Programu yake ilichagua ipi iulizwe nini, kisha ikayaoanisha majibu. Zisipokubaliana zote, haendewi mtu.

"Nipe kitu kisichobadilika," alisema.

"Mtoto ana kovu refu. Kutoka sikio la kushoto hadi shingoni."

Swaumu akaandika. Redio ikakoroma. Manyovu ikajibu: mtoto mwenye kovu hilo alivuka na mama yake. Kasulu ikataja kambi na mtaa. Kibondo, ilipoulizwa upya, ikatoa jina.

"Siku hizi anajiita Pelagia," Swaumu alisema. "Safari hii hakuna kosa, kaka."

Reverien alitokwa na machozi. "Urakoze cane, asante sana, dada. Nilidhani wamekufa wote."

Desturi ya ofisi ilikuwa kumwuliza kwanza anayetafutwa. Swaumu aliona huko ni kuwacheleweshea watu furaha. Akaomba gari, wakaondoka.

Walimkuta mwanamke akipepeta maharage mlangoni, mtoto ameketi ubavuni pake.

"Mama, usishtuke," Swaumu alisema. "Nimekuletea shemeji yako."

Mwanamke akainua macho. Ungo ukamponyoka, maharage yakatapakaa vumbini. Akaenda kwa magoti mpaka kwa Reverien, akamkumbatia miguu, akawa anasema maneno kwa Kirundi, harakaharaka, uso ameuficha. Majirani wakatoka. Mmoja akapiga kigelegele, wengine wakapokea.

Swaumu, naye akilia, aliinama amwinue. Lugha ile ilikuwa karibu sana na Kiha cha mama yake; alipomsogelea, aliyasikia maneno yote.

"Baba yao ulimkata panga nikiona. Na binti zangu. Huyu mmoja tu, Reverien, niachie."