Wavu wa Kizimba cha Tatu

Katika kisiwa chote cha Ukara hakuna anayenishinda kusugua wavu wa samaki. Haya, hakuna anayesugua tena. Kazi ni ya mashine, na mkono wa mtu ukigusa wavu, serikali inachukua kizimba chake cha kufugia samaki. Sisi tunacho kimoja tu, hicho namba tatu.

Mashine yetu tunaiita Kamongo. Hulala jikoni akijichaji na kunisikiliza nikiwadanganya majirani, asubuhi hushuka ziwani kula utelezi wa kijani unaoota kwenye wavu.

Juzi akaharibika, akapelekwa karakana. Wavu ukaziba, sato wakaanza kutweta, nikaingia ziwani mwenyewe.

"Mama, toka majini, watakuona!" mkwe wangu Nyanjura akalia.

Nikasugua kwa gunzi la mahindi, na miaka yangu sabini na minane, mpaka wavu ukang'aa.

Leo mkaguzi wa serikali kamrudisha Kamongo kwa boti yake. Akauangalia wavu.

"Bibi, kausafisha nani?"

"Mimi, jana," akadakia Kamongo.

"Jana ulikuwa karakana. Nani kakufundisha uongo?"

Niliona fahari kidogo, mpaka Kamongo alipogeuza taa yake taratibu, akanimulika usoni.