Bomba Lililokataa Kuoza

Cuthbert alikuwa anaomba bomba la majitaka la Newala lioze. Aliomba kweli, kwa magoti, kama alivyofundishwa kwao Lulindi, macho kayafumba mbele ya kompyuta.

Msimshangae. Ilikuwa miaka ile ya soko huria: viwanda vinauzwa, maghala ya korosho yanauzwa, na hata kinyesi kilikuwa kimepata mwekezaji. Mwekezaji alijenga bomba la zege chini ya mtaa, lenye chemba za kushukia zilizofunikwa, akapitisha ndani yake waya mwembamba wa kioo unaosafirisha mwanga. Vijidudu vya majitaka huleta asidi, asidi hula zege, na waya ule huhisi asidi na joto, ukachora mstari kwenye kompyuta. Mstari ukipanda, zege linaliwa. Kazi ya Cuthbert ilikuwa kuutazama tu.

Sasa mstari wenyewe umelala chali tangu masika. Bwana Charles, mkuu wa mradi, akapiga simu kutoka Dar es Salaam kusema wafadhili wa utafiti hawawezi kumgharamia mgonjwa asiyeumwa. Mstari usipopanda kabla ya Krismasi, ofisi inafungwa. Na baba yake Stella, msichana aliyemchumbia, alikwisha sema wazi kwamba hamwozi binti yake kwa mtu asiye na ofisi. Cuthbert hakulala, hakula, alimpenda Stella mpaka basi.

Mabibo yalipoanza kudondoka mikorosheni, mstari ukapanda. Ukapanda kidogo, kisha ukaruka. Asidi chemba ya tatu, joto chemba ya tatu! Cuthbert alitoa machozi ya furaha. Moyoni akasema watu wameachana na vyoo vya shimo hatimaye, wameunganisha nyumba zao na bomba, Mungu awabariki. Kwenda kuchungulia hakwenda. Mtaalamu hafunui mifuniko. Waya umewekwa wa nini?

Jioni alimpelekea habari Mama Oliva, muuza uraka, pombe ya mabibo inayochachuka na kupata joto ikiwa inaiva, jirani na ofisi. Uraka wake ulisifika mji mzima kwa ubaridi, na nyumbani kwake hakuna hata taa ya umeme. Cuthbert alimwamkia, akaitikiwa, akamwaga furaha yake yote. Mama Oliva hakucheka.

"Sasa, baba, mtalifukua hilo bomba?"

"Hapana, Mama Oliva. Tutaliangalia tu, kwa miaka mingine mingi."

"Basi vizuri," akasema, akamjazia kikombe bila kumdai.

Wafadhili wakaja na Bwana Charles. Waliutazama mstari wakapeana mikono kama waliopata mtoto. Mkataba mpya ukawekwa mezani, kalamu juu yake. Kabla ya kusaini, mgeni mmoja akataka kuonja kinywaji cha wenyeji, na Mama Oliva akaitwa na ndoo yake. Jua la Novemba lile, usiseme. Wageni walikunywa mpaka ndoo ikakauka, wakasifu ladha, wakasifu zaidi ubaridi, wakaomba nyingine. Mama Oliva akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Mara kompyuta ikalia.

Wote wakageuka. Chemba ya tatu, mstari ulikuwa unashuka. Asidi inapungua, joto linapungua, ugonjwa mzima unapona mbele ya macho ya wafadhili! Bwana Charles akashika kichwa. Mgeni mwenye kalamu akairudisha mfukoni. Cuthbert akamwona moyoni Stella akiolewa na mwalimu fulani wa Nanganga, akaanza kueleza kwamba vijidudu navyo hupumzika, vitarudi tu, wavumilie kidogo.

Mlango ukafunguliwa. Mama Oliva aliingia na madumu mawili yanayotoka jasho la ubaridi, vumbi la zege limemjaa magotini, utando wa buibui kwenye kilemba.

"Kunyweni haya kwanza, wageni wangu," akasema. "Yaliyobaki mle chini hayajaiva."