Taya la Ndila

Sindano ya nne iliingia mbele ya sikio la Ndila, na Nzomo akafumba macho kana kwamba anayedungwa ni yeye. Mkewe hakutikisika. Alikaa kwenye stuli katika chumba kilicho nyuma ya duka pale Emali, meno yamefungana, mashavu yamebonyea kwa wiki tatu za kunywa uji kwa mrija.

"Hii sindano iko na dawa ndani?" Nzomo akauliza.

"Haina kitu. Ni chuma tu," Mwangangi akajibu. Alikuwa amewapikia madaktari Wachina wakati reli ilipojengwa kule Tanzania, akajifunza kazi yao akiwa karibu nao, akarudi Ukambani na sindano zake ndani ya kopo la maziwa ya unga.

"Na hao Wachina, wakidunga, wanaomba nani?"

"Wanaomba mgonjwa asisonge."

Nzomo hakucheka. Kiapo chake cha kithitu kilikuwa kimebakiza siku kumi na mbili, na mtu wa namna hiyo hana haja ya mzaha.

Kiapo kilitokana na mikonge. Safu ya mikonge ndiyo iliyokuwa mpaka kati ya shamba lake na la jirani yake Mutie, na Mutie alidai imeingia kwake hatua ishirini, ikamega kipande chake kinachogusa mto wa mchanga, ambako maji huchimbwa hata wakati wa kiangazi. Nzomo alipandisha hasira. Kweli, alifanya kazi bandarini Mombasa miaka tisa, nyumbani akija Krismasi tu. Lakini mikonge ile ilipandwa na baba yake, na aliporudi nyumbani moja kwa moja aliikuta imesimama, mikubwa na mizee vilevile. Chifu alishindwa kuwapatanisha, wazee wakaleta kithitu, kifurushi cha kuapia. Anayekila kwa uongo hufa, yeye au mtu wa nyumba yake, kabla ya miezi saba kwisha.

"Una hakika?" mwenye kithitu alimuuliza mara tatu. "Hiki hakiulizi ulidhani nini. Kinataka maneno ya kweli tu."

"Mpaka uko pale baba alipouweka," Nzomo akaapa, akakipiga kithitu kwa fimbo mara saba.

Jana yake Ndila alikuwa amempigia magoti jikoni. "Mwachie Mutie hicho kipande, Baba Mulei. Tutalima kilichobaki." Nzomo alimwambia ainuke, asimwaibishe. Wiki hiyohiyo taya la Ndila likaanza kumuuma, kwanza akitafuna, kisha hata akipiga miayo, mpaka asubuhi moja likakataa kabisa kufunguka.

Zahanati walisema si pepopunda, wala jino bovu hawakuliona. Kanisani walikuwa wamemtenga Nzomo kwa kula kiapo cha wazee, kwa hiyo hata maombi aliyakosa. Majirani hawakusema kitu mbele yake, ila waliacha kuomba moto kwake. Watu wa Mutie walihesabu siku kwa sauti.

Nzomo aliogopa, na sitamfichia. Alimpenda Ndila, na alikuwa na hakika na maneno yake. Hakuelewa ni vipi vitu hivyo viwili vingeweza kugombana. Ndiyo maana alimleta Emali kwa miguu, saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mara ya kwanza, ya pili, na sasa ya tatu.

Mwangangi aliinua mdomo wa Ndila kwa kidole akachungulia na tochi. "Ona hapa. Meno yameisha juu. Huyu anayasaga akilala."

"Ni kithitu?"

"Mimi kithitu sikijui. Hii taya amefunga mwenyewe. Kuna kitu anabana."

"Anaogopa nitakufa," Nzomo akasema. Akachuchumaa mbele ya mkewe. "Mama Mulei, usiogope. Mimi sikusema uongo. Likifunguka hili taya leo, nitakupitisha mlangoni kwa Mutie ukitafuna mahindi ya kuchoma, waone wote."

Machozi yakamtoka Ndila. Nzomo akayafuta kwa mkono wa shati.

Sindano ya mwisho Mwangangi aliidunga mkononi, kati ya kidole gumba na cha shahada, akaizungusha polepole. Wakangoja. Huko nje lori lilipiga honi likielekea Mombasa. Kisha pakasikika mlio mdogo, kak, na kidevu cha Ndila kikashuka upana wa kidole, halafu vidole viwili, halafu vitatu.

Nzomo aliruka akamkumbatia Mwangangi. Alicheka, akalia, akapiga meza. "Imeisha! Daktari, imeisha! Hakuna mtu atakufa kwangu!" Akamgeukia mkewe na kumshika mabega. "Sasa sema kitu, mama. Chochote. Nisikie sauti yako."

Ndila alijaribu ulimi wake kwanza, ukawa mzito. Alimtazama mumewe, asiangalie pembeni.

"Baba Mulei," akasema, "ule mwaka wa njaa, wewe ukiwa Mombasa na Mutie amepeleka ng'ombe malisho ya mbali, niling'oa ile mikonge mmoja mmoja nikaipanda upande wake. Watoto walikuwa wanataka maji."