Kurudi Kundini

Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, lakini Sifaeli hakugeuka. Aliendelea kusugua benchi la nyuma kwa brashi na maji ya sabuni.

"Mama Devotha, mjukuu huyo atapasuka!" alisema jirani yake Faustina, aliyekuwa anang'oa majani mlangoni mwa kanisa. "Si umbebe?"

"Mama yake yupo."

Ilikuwa Jumamosi, kesho yake Pasaka, na wanawake wa usharika mdogo wa Methodisti pale mtaa wa Soweto walikuwa wanasafisha kanisa lao. Masika ilikuwa imewapumzisha kidogo tangu asubuhi. Wengine walifunga maua meupe kwenye nguzo, wengine walitoa matawi ya mitende yaliyokauka tangu Jumapili iliyopita. Devotha, binti wa Sifaeli, aliacha ndoo yake, akamwinua mtoto na kumpa maziwa ya ng'ombe kwa kikombe. Mtoto akageuza uso.

"Wasichana wa siku hizi, kunyonyesha wanaona kazi," alisema Faustina. "Tena huyu ana mambo. Usiku simsikii hata kidogo, na nyumba zetu zimebanana vile. Akifika kanisani ndiyo anakumbuka kulia."

"Anaogopa sauti yako, shangazi," Devotha alijibu, na wanawake wote wakacheka, Faustina mwenyewe akizidi. Sifaeli hakucheka.

Benchi lile la nyuma lilikuwa la waliotengwa. Devotha alikuwa amelikalia tangu waliporudi kutoka kijijini Idodi. Yeye na mama yake walikwenda kumuuguza bibi, wakakaa huko miezi, wakarudi na mtoto. Jioni hii alitakiwa asimame mbele ya watu, akiri kosa lake, arudishwe kundini. Kesho ndipo mtoto abatizwe. Asiposimama, hakuna ubatizo.

Mchungaji Asukile alimwita Sifaeli pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hata hayo aliyasema kwa sauti ya chini.

"Mama, binti bado mdogo. Tunaweza kuyamaliza ofisini, sisi watatu tu."

Sifaeli alifungua mdomo kusema ndiyo. Lakini Faustina alikuwa ameshasogea, na majani yake mkononi.

"Wangu alisimama mbele, mchungaji. Tumbo liko hivi, watu wanamtazama. Na aliyesema wasimame wote ili wengine waogope ni mwenyekiti wetu wa akina mama, huyu hapa." Hakusema kwa ubaya, alisema kama mtu anayekumbusha zamu ya kufagia. "Au ilikuwa sheria ya mtoto wangu peke yake?"

"Atasimama," alisema Sifaeli.

Walirudi nyumbani kubadili nguo. Devotha alijifunga kitambaa kichwani mbele ya kioo. Mama yake alikaa kitandani na sare yake nyeupe ya akina mama mapajani, haivai.

"Tusiende. Tuseme unaumwa."

"Na ubatizo?"

"Kuna Pasaka nyingine."

"Ikifika hiyo nyingine watu watakuwa wameuliza mengi." Devotha aligeuka. "Mama, mimi wataniimbia wimbo, watanipa mkono, basi. Nilikubali tangu tuko Idodi. Usianze tena."

"Kwaya hawatakurudisha."

"Shule imeshakwenda, kwaya ni kitu gani? Nitaimba jikoni."

Sifaeli alitaka kumshika binti yake, mikono ikakosa pa kuanzia. Akavaa sare. Kengele ilikuwa imeshaanza kulia na mtoto alikuwa usingizini, wakaona wasimwamshe. Devotha akamfunga mgongoni vilevile, wakatoka.

Kanisa lilijaa. Hata wale wasioonekana mwaka mzima walikuwapo, shingo zimenyooshwa. Devotha alimwachia Faustina mtoto, akaenda mbele peke yake.

"Devotha," mchungaji alisema taratibu, "unakiri kwamba umezaa nje ya ndoa?"

"Nakiri."

"Uko tayari kumtaja baba wa mtoto?"

"Hapana, mchungaji."

Mnong'ono ulipita kwenye mabenchi. Mchungaji aliuacha upite.

"Unajuta?"

Devotha alimtazama mama yake. Hakukuwa na hasira machoni mwake, na hilo ndilo lililomwumiza Sifaeli kuliko yote.

"Ninajuta."

Kwa desturi yao, mwenyekiti wa akina mama ndiye humpa mkono wa kwanza anayerudi, na kumwongoza mpaka benchi la mbele. Sifaeli alisimama. Alitembea akitazama sakafu aliyoiosha mwenyewe asubuhi, akafika, akanyoosha mkono. Mkono wa Devotha ulikuwa wa baridi. Kwaya ikaanza wimbo wa kumpokea.

Hapo mtoto akaamka. Faustina akambembeleza, akamtikisa, akampa kidole anyonye. Kilio kikaishinda kwaya. Kilikuwa kilio cha njaa, na kila mzazi mle ndani alikijua. Sifaeli akaachia mkono wa binti yake, akarudi nyuma hatua moja, akakumbatia kifua chake.

Faustina hakuweza tena. Akainuka, akaja na mtoto mpaka mbele, akamkabidhi Devotha.

"Mnyonyeshe tu, mwanangu," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa laini. "Sasa uko kwenu. Usione haya."

Devotha alimpokea mtoto, akabaki amemshika. Hakugusa hata kifungo kimoja cha blauzi yake.

"Mwenyekiti, msaidie basi," alisema Faustina, akaishika mikono ya Sifaeli na kuishusha ili impokee mjukuu.

Kwaya ilinyamaza sauti moja baada ya nyingine. Kifuani pa sare nyeupe, upande huu na upande huu, maziwa yalikuwa yamelowesha kitambaa, na bado yalikuwa yanatoka.